Herufi Mbili kwenye Vesti ya Harelimana

Émérance Kasoki alikuwa mupiga pasi, na mutu yeyote aliyesema "mupiga pasi tu" mbele yangu alinisikia. Miaka saba tulifanya kazi pamoja karibu na kambi ya Katindo, yeye na pasi yake ya makaa, mimi Donatille na sindano. Mama wa Butembo, mufupi, sauti kubwa. Nguo za askari alizijua kuliko askari wenyewe. Ukimuletea koti analipindua ndani nje, kisha anakuambia: huyu bunduki anabeba bega la kushoto, huyu anakunywa, huyu muke wake amekimbia, vifungo anashona mwenyewe. Na hakusema "labda" hata siku moja. Mimi ilinichoma, kwa sababu hakuwa anakosea!

Mwaka wa cinquante-trois, yaani 1953, mwanzo wa Novemba, mama mumoja alishuka kutoka Kibumba kwa miguu, furushi kichwani. Jina lake Mukashyaka. Tulimupa kiti, akakataa. Akafungua furushi: vesti, koti la kijeshi la mume wake Harelimana, aliyefariki mwezi wa sita kwa kikohozi. Kwenye mukono wa kushoto kulikuwa kumeshonwa utepe mweupe wenye herufi mbili nyeusi, S.B.

"Tarehe onze, kumi na moja ya mwezi huu, watasoma kanisani majina ya askari wa vita waliokwisha kufa," alisema. "La mume wangu wamelikataa."

Aliyelikataa ni Sajenti Damien, mukubwa wa askari wa zamani hapa Goma. Medali tatu, na kifua cha kuzionyesha. Aliuliza hizo herufi ni za kampani gani, kikosi gani, mama wa watu hakujua. Karani mumoja akacheka: S.B. ni Sans Bataille! Bila vita! Basi Damien akafunga liste ya majina. Maneno hayo yalifika Kibumba kabla mama mwenyewe hajarudi. Sokoni wakaanza kumuita Muke wa Sans Bataille, na mutoto wake mukubwa akaacha kwenda misa kwa haya.

"Vita hakuwa anasimulia," Mukashyaka alituambia. "Ukimuuliza, anatoka nje. Niambieni kweli tu, wamama. Kama alikuwa anajificha, nitaichoma nguo hii nitulie."

Roho iliniuma. Mimi ningemudanganya, nakiri. Ningesema mume wako alikuwa simba, nenda na amani. Émérance yeye alichukua vesti, akapitisha vidole mabegani, akanivuta mukono.

"Gusa."

Kitambaa kilikuwa kimelika pande zote mbili, njia mbili zilizonyooka, upana wa mukanda.

"Bunduki haili mabega mawili," alisema. "Huyu alikuwa anabeba kitu kizito kwa mikanda. Na si siku moja."

Kisha akapindua mikono ya vesti. Madoa ya kahawia yalitoka kwenye viwiko mpaka kifuani, yale ambayo sabuni ya miaka kumi haitoi. Mukashyaka akajishika mudomo. "Lakini hakujeruhiwa! Mwili wake naujua."

"Tafuta tundu basi."

Tulitafuta wote watatu, kila mushono. Hakuna.

"Damu iko, tundu hakuna," Émérance alisema. "Ni damu ya watu wengine, mama. Aliwakumbatia."

Zikabaki herufi. Émérance akafumua utepe upande mumoja, na kwa ndani kulikuwa na muhuri wa kishale kidogo. Weee, alicheka mpaka makaa yakaruka! Kishale hicho tulikizoea kwenye mablanketi ya jeshi la Waingereza, yale ambayo kaka yake Hilaire alikuwa anayaleta kutoka Uganda kuuza. "Utepe ni wa Kiingereza," akasema, "na wale wajinga wanausoma kwa Kifaransa!"

Saa ile ile tulienda kwenye duka la Hilaire. Alitazama, akatoa maneno mawili ya Kiingereza, moja la S, moja la B, ambayo ulimi wangu hauyawezi. "Ni wabeba machela," alitueleza. "Wale wanaoingia kwenye risasi mikono mitupu, kutoa wenye kuumia."

"Birmania," Mukashyaka akasema polepole. Ndiyo Burma ya Waingereza. "Aliniambia walikuwa na madaktari huko Birmania. Nilifikiri alikuwa anapika." Ndipo alikaa chini akalia, na mimi nikalia naye.

Kesho yake Émérance aliitupa vesti juu ya meza ya Damien, akaeleza mabega, damu, kishale. Sajenti alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatabasamu. "Kumbe mubeba kipoyi! Mama, kubeba wazungu kwenye viti hata hapa watu walibeba. Sisi tunasoma majina ya wenye kupigana."

Nilitaka kumurukia. Émérance akauliza kwa upole, jambo ambalo halikuwa tabia yake:

"Sajenti, huo muguu unaouvuta, ni risasi ya vita ya Abyssinia?"

"Ndiyo."

"Na ulitembea mpaka hospitali?"

Damien alitazama muguu wake. Aliuweka mukono juu ya utepe, akaukawiza pale.

"Walikuwa wawili," akasema mwishoni. "Mumoja alipigwa njiani. Mwingine akanivuta peke yake mpaka kwenye gari. Hata jina sikumuuliza."

Émérance akakunja vesti. Tukatoka.

Tarehe onze kanisa lilijaa. Damien alisoma majina, na kila jina liliitikiwa na mutu wa kampani ile ile: "Présent!" Yaani, yupo. Mukashyaka alisimama katikati yetu na vesti mikononi, Émérance alikuwa ameipiga pasi mwenyewe. Halafu tukasikia: "Brancardier Harelimana!" Ndiyo mubeba machela kwa Kifaransa.

Nani ataitika? Wa Birmania hakuwako hata mumoja mule ndani. Watu walianza kugeuza vichwa, na Mukashyaka akanishika vidole mpaka vikauma.

Damien akakunja karatasi. Akanyoosha muguu wake mubaya, visigino pamoja, mukono kwenye paji la uso, na akaitika mwenyewe.

"Présent."