Dawa Irudishwe Ndani ya Siku Kumi na Nne

Mtoto wa kaka yangu tulimbandika jina la Meneja akiwa mwaka wa kwanza chuoni, na hakujua kwamba tunamcheka. Alikuwa anasomea shahada ya biashara, upande wa mifumo ya taarifa za kompyuta. Ukimuuliza hiyo ni kazi gani, anavuta pumzi kwanza, anapandisha miwani, kisha anakwambia yeye ndiye anayeunganisha biashara na teknolojia. Wanaosoma uhasibu aliwadharau kwa kuwa hawajui kompyuta. Wanaounda programu aliwadharau kwa kuwa hawajui biashara. Mimi niliyemwona akizima printa kwa kung'oa waya ukutani nilijua kwamba hajui hiki wala kile.

Duka langu la steshenari linatazamana na geti la chuo. Nina kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi inayokohoa, na mashine ya kutoboa karatasi na kuzifunga. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nafunga ripoti za wanaomaliza, na kwa kuwa kazi yenyewe ni ya taratibu na mimi ni mmbea, huwa nazisoma. Wasomi wa mifumo wananichosha. Kila mwaka ni mfumo uleule wa kusimamia maktaba. Huyu anafuta neno maktaba anaandika shule, yule anaandika gereji, na wote wanamaliza kwa kumshukuru Mungu na msimamizi wao. Madodoso ya watu waliohojiwa wanayajaza papo hapo kwenye kaunta yangu, wakibadilisha kalamu, bluu, nyeusi, halafu tena bluu, ili waliohojiwa waonekane wengi.

Meneja alikuwa ameshaanguka mara moja kwenye mradi wake. Chuo kinatoa nafasi mbili tu. Ya pili ikimponyoka, miaka minne imekwenda na maji, anarudi nyumbani mikono mitupu. Baba yake ni fundi wa kuchomelea mageti. Macho yameshaharibika kwa cheche, na alikuwa anasubiri jambo moja, mwanawe avae joho, ndipo naye aache kuchomelea.

Jumapili moja tukiwa mezani kwao, Meneja akaniambia mbele ya wote, "Shangazi, kazi yako imeshakufa, sema tu hujaambiwa. Miaka mitano ijayo nani atachapa karatasi? Ungekuwa unaelewa mifumo ungefunga duka mapema."

Wakacheka. Hata kaka alicheka, kwa fahari ya kumsikia mwanawe akiongea kisomi. Mimi nikameza tonge langu. Moyoni nikaapa kwamba huyu siku moja nitamwacha ajikwae.

Siku yenyewe haikukawia. Aliniletea ripoti yake, Mfumo wa Kusimamia Duka la Dawa, kurasa themanini na mbili. Nikiwa natoboa nikafika ukurasa wa arobaini na moja: "Mgonjwa akishachukua dawa atairudisha ndani ya siku kumi na nne, ikiwa katika hali nzuri. Akichelewa, mfumo utamtumia onyo na hataruhusiwa kuchukua dawa nyingine."

Nilisoma mara mbili. Alifuta neno kitabu kwenye mfumo wa maktaba akaweka dawa, na akili yake haikushirikishwa. Nikamtazama, alikuwa anajipiga picha kwenye kioo cha mlango. Neno moja tu lingetosha. Badala yake nikamuuliza, "Jalada la bluu au jeusi?"

"La bluu, Shangazi. Linaonekana la kitaalamu."

Nikafunga la bluu, na nilijisikia vizuri kabisa.

Yaliyotokea kwenye uwasilishaji nilisimuliwa na wenzake waliokuja kutoa fotokopi huku wakishika mbavu. Mhadhiri, mama mmoja mkavu asiyecheka hovyo, alimuuliza mgonjwa atarudishaje dawa aliyokwisha kuimeza. Mwenye akili angekiri hapo. Meneja akapandisha miwani, akasema hiyo ni sera ya duka, kazi yake yeye ni kutekeleza matakwa ya mtumiaji. Mhadhiri akampa wiki moja alete ripoti iliyosahihishwa, Ijumaa kabla ya saa sita mchana. La sivyo, basi.

Ijumaa saa tatu asubuhi Meneja akaingia, na nyuma yake kaka yangu, amevaa koti la suti yake ya harusi, limembana mabegani. Alitaka kuibeba ripoti ya mwanawe kwa mikono yake hadi mlangoni kwa mhadhiri. Meneja akachomeka flashi, nikachapa, nikaenda moja kwa moja ukurasa wa arobaini na moja.

Siku kumi na nne zilikuwa zimefutwa. Alikuwa ameandika siku ishirini na moja.

"Mhadhiri alisema muda hautoshi?" nikamuuliza.

"Hakusema wazi, ila nilimwelewa. Wagonjwa wengine wanakaa mbali."

Sikujua nicheke au nimtandike rula. Wiki nzima alikuwa nayo. Duka la dawa liko ng'ambo ya barabara, hatua ishirini kutoka mlangoni pangu, na hakuvuka.

Kaka alikuwa ameshanyoosha mikono yake yenye makovu ili apokee. "Dada, wewe unazisoma zote hizi," akasema. "Iko sawa?"

Kumnyamazia Meneja kulikuwa kutamu. Kumnyamazia huyu nilijaribu, nikashindwa.

"Haiko sawa, kaka. Na ile ya kwanza haikuwa sawa. Niliona."

"Uliona lini?"

"Kabla sijaifunga."

Hakugomba. Aliyatazama majalada ya bluu yaliyopangwa kwenye rafu, kisha akavua koti, akaliweka juu ya kiti, akamwambia mwanawe, "Twende kwenye hilo duka la dawa."

Nikafunga mlango nikawafuata. Meneja alisimama mbele ya muuza dawa, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akauliza swali bila kulijibu yeye mwenyewe. "Kitu gani kinakusumbua zaidi hapa?" Muuza dawa akasema zipo dawa zinazojificha nyuma ya rafu mpaka zinapita muda wake, na angezijua mapema angezirudisha kwa aliyemletea. Alitufungulia daftari lake. Meneja aliandika, kalamu moja tu.

Saa nne na nusu tulikuwa dukani kwangu. Mimi nikachapa, yeye akisoma, na upuuzi wake niliukata bila kumwomba ruhusa. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja sasa dawa ilirudi kwa msambazaji kabla haijapita muda, na mgonjwa aliachwa anywe yake kwa amani. Saa sita kasoro dakika kumi akavuka mbio na ripoti yake. Kaka hakwenda kuibeba tena. Alichukua koti lake, akarudi kwenye mageti yake.

Alifaulu, kwa alama ya chini kabisa inayokubalika. Siku hizi ameajiriwa na kampuni ya mifumo, anazunguka kwenye maghala kuwafundisha watunza stoo kazi wanayoijua kuliko yeye, na miwani bado anaipandisha. Kaka ameacha kuchomelea. Kila asubuhi anapita mbele ya duka langu kwenda kununua gazeti. Hunisalimu vizuri, huniuliza afya, huniuliza wateja. Kama kitu kiko sawa, hajaniuliza tena.