Alama za Baba za Dakika Tatu

Baba yangu aliendesha greda miaka mingi, zaidi kwenye barabara ya Chunya kabla haijawekwa lami, na huko kambini ndiko mpima barabara mmoja alikomfundisha sataranji. Alipostaafu akarudi nyumbani Mbalizi, akakosa wa kucheza naye. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Iringa, nashona pale Kihesa, sare za shule na majoho ya kwaya. Nilipompelekea simu ya kupangusa ndipo tukaanza kucheza mtandaoni, yeye kwake, mimi kwangu.

Programu tuliyotumia haimpi mchezaji alama za jumla. Inampa alama za kila mwendo peke yake. Kuna mchezo wa dakika tatu, ambapo kila mtu ana dakika tatu tu za mchezo mzima, na zikikuishia umeshindwa hata kama kete zako zimejaa ubaoni. Kuna wa dakika kumi. Halafu kuna ule wa polepole, ambao una siku tatu za kufikiri kila hatua moja. Ukishinda, alama za mwendo huo zinapanda, ukishindwa, zinashuka. Baba katika dakika tatu alikuwa amepita elfu moja na mia tano. Mimi sikuwahi kuigusa elfu moja na mia tatu. Alikuwa akinichapa hadi nacheka.

Kwa hiyo siku nilipomshinda mara ya kwanza nilipiga kigelegele mbele ya cherehani, mteja akaruka. Nilimtumia ujumbe wa sauti kumtania. Akajibu, "Hongera mama. Umekua sasa."

Kesho yake nikamshinda tena. Wiki ile yote nikamshinda, na iliyofuata. Nilitembea Kihesa kifua mbele. Naandika hili kwa aibu: kwa wiki mbili nzima nilifurahi.

Ilikuwa asubuhi moja, nasubiri umeme urudi, nikafungua ukurasa wake nione nimempita kwa kiasi gani. Alama zake za dakika tatu zilikuwa chini ya elfu moja na mia moja. Za dakika kumi nazo zilikuwa zimeteremka. Lakini zile za polepole hazikushuka hata kidogo, zilikuwa zimepanda. Nikakaa na simu mkononi. Mtu anawezaje kuwa mjinga wa dakika tatu na mwerevu wa siku tatu ndani ya mwezi mmoja?

Nikaanza kuifungua michezo aliyoshindwa, mmoja mmoja. Mingi haikuwa ya kushindwa. Alikuwa mbele kwa kete, muda ukamwishia. Katika mingine malkia wake alitua mraba mmoja kabla ya pale alipopaswa kutua, mahali ambapo hata mtoto asingemweka. Nikaona jambo hilo mara tatu, mara nne, mara saba. Akili yake ilikuwa inajua pa kwenda. Kidole ndicho kilichokuwa hakifiki.

Nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama. Baba, nani anachezea simu yako?"

"Nani aichezee? Ni mimi."

"Mbona unashindwa hivyo?"

"Mtandao wa huku mbovu," akasema.

Nilitaka kumwamini. Nikamwomba tucheze mmoja wa dakika tatu huku tunaongea, simu ikiwa kwenye spika. Alianza vizuri. Halafu saa yake ikawa inakwenda na kete hazisogei. Nilisikia anavyohema, kama mtu anayesukuma gari. Nikasikia simu ikianguka sakafuni, kisha sauti ya mama kwa mbali: "Umeiangusha tena?"

Tena. Neno hilo lilinitisha kuliko alama zote.

Nikampigia mama kwenye simu yake. Akasema baba yako amezeeka tu, siku hizi vifungo vya shati namfunga mimi, na mguu wa kulia anauburuta kidogo. Nikamuuliza kama alianguka. "Aah, ile ya parachichi? Ngazi iliteleza akajigonga kichwa, lakini ni zamani, mwezi na zaidi. Hata damu haikutoka. Alikataza tusikwambie, utaacha kazi bure."

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la kwanza. Sikumbuki kitu kuhusu Mafinga wala Makambako. Nilikuwa na mchezo wa polepole kati yetu, zamu yake, na kila mtandao uliporudi nilitazama saa yake ikihesabu: siku mbili na saa tano, siku mbili na saa nne. Niliogopa kwamba ikifika sifuri hatakuwepo. Hofu ya kijinga, lakini ndiyo iliyokuwepo, na nilikuwa nayo njia nzima.

Nilimkuta kibarazani. Akatabasamu, na tabasamu likapanda upande mmoja tu. Jirani mwenye gari akatupeleka hospitali ya rufaa mjini mchana ule ule. Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Akaniuliza tuligunduaje. Nikamwonyesha zile alama, nikidhani atanicheka. Hakucheka. Akazitazama, akaandika, akasema apigwe picha ya kichwa mara moja.

Picha ilipotoka alitueleza taratibu: damu ilikuwa imevuja kidogo kidogo tangu siku ya ngazi, imekusanyika chini ya fuvu, inaukandamiza ubongo. Itabidi watoboe tundu waitoe. Mama akauliza, "Kichwa? Mtoboe kichwa?"

Kesho yake asubuhi, kabla hawajamchukua kwenda upasuaji, nilibaki naye peke yangu. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Nilikuwa nashangilia."

Akaushika mkono wangu kwa mkono wa kushoto. "Nilijua kabla yako," akasema. "Nilikuwa nauambia mkono nenda, hauendi. Nikaogopa. Nikasema nikicheza sana utafunguka." Sikuwahi kumsikia baba akisema ameogopa, hata alipokuwa akisimulia greda lilivyotaka kubiringika naye milimani. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

Walimchukua. Mimi na mama tulikaa kwenye benchi la sementi, yeye akiomba kwa Kinyakyusa, mimi nikishindwa kuomba kwa lugha yoyote. Mlango ulipofunguliwa niliogopa kuinua macho. Mama ndiye aliyetazama, na mama ndiye aliyesema, "Ndaga, ndaga," akimshukuru Mungu kwa lugha yake.

Baba alipona. Mkono ulirudi, ingawa kidole cha mwisho bado kina ganzi. Daktari hakumkataza sataranji. Nilimkataza mimi ile ya dakika tatu, akakubali kwa wiki tano, kisha nikaona amecheza na mtu asiyemjua, akashindwa. Nilimpigia hapo hapo.

"Nimeshindwa kwa kukosea," akasema. "Mkono ulikwenda pale pale nilipoutuma. Mimi ndiye niliyeutuma pabaya."