Niling'oa Karanga za Mkwe Wangu Nikatandika Nyasi za Plastiki

Kosa ni langu mwenyewe. Simsingizii fundi, silisingizii jua la Tabora, wala simsingizii mume wangu, ingawa yeye ndiye aliyenitia wazimu. Niliyoyafanya niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu, na nimechoka kuyabeba peke yangu.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa mabinti watatu, wa kwanza Shani. Mwaka jana mume wangu alianza kutoka kila siku saa kumi jioni. Anavaa bukta, anajipulizia manukato, anaaga kwamba anakwenda uwanjani kufanya mazoezi na maveterani wa mpira. Anarudi magharibi mkavu kabisa, hana hata tone la jasho. Jamani, mtu mzima mwenye kitambi akimbie kwa saa mbili asitoke jasho? Nikajiambia hapa kuna mwanamke.

Sikumuuliza. Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Niliamua kumjengea uwanja mdogo wa mpira nyuma ya nyumba, ili hayo mazoezi yake ayafanye mbele ya macho yangu.

Shida ni kwamba nyuma ya nyumba kulikuwa na karanga za mama mkwe. Tunaishi naye, na kile kishamba ndicho kilichokuwa furaha yake. Mbegu alikuja nayo kutoka Puge alipoolewa, na kila msimu alitenga nyingine ya kupanda mwakani. Wakati huo alikuwa Sikonge kwa wifi yangu aliyejifungua, na karanga ndiyo kwanza zinatoa maua.

Nikamwambia mume wangu kuwa nimeongea na mama kwa simu na amekubali. Uongo mtupu! Alinitazama kidogo, kisha akasema kama mama amekubali, yeye ni nani apinge.

Nikauza cherehani yangu ya pili. Fundi akaja na marobota ya nyasi bandia. Akang'oa karanga zote, akamwaga kokoto na mchanga, akashindilia, akatandika, akagundisha, halafu juu akanyunyiza punje nyeusi za mpira. Ikapendeza mno. Majirani walikuja kupapasa.

Siku ya kwanza mume wangu alikuja na maveterani kumi na wanne, kila mtu na bandeji yake ya goti. Dakika tano tu baada ya mpira kuanza niliujua ukweli. Mume wangu hajui mpira. Hajui kabisa! Kule uwanjani walikuwa hawampangi hata siku moja, kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na kulinda viatu na simu za wenzake. Ndiyo maana alikuwa harudi na jasho. Sasa kwa kuwa uwanja ni wake, ilibidi wampange.

Niliingia ndani nikacheka, halafu nikaona aibu nikalia.

Adhabu ilikuwa haijaanza. Jua likiwaka, zile nyasi zinaunguza kama kikaango, kwa hiyo kila alasiri nilibeba ndoo nikamwagilia. Nyasi za plastiki, mtu mzima namwagilia! Punje nyeusi zikaingia kwenye soksi, kwenye mashuka, mpaka kwenye wali. Mpira ukatua ndani ya sufuria ya maharage ya jirani. Na wale wazee wanakunywa chai, nyie hamjaona.

Kisha mkwe wangu akarudi na dumu lake la asali. Alikuta mechi inaendelea. Akaliweka dumu chini, akainama, akashika nyasi akavuta. Hazikung'oka.

"Karanga zangu ziko wapi?" akauliza.

Mpira ukasimama. Mume wangu akajibu, "Si ulikubali, mama? Mama Shani alikupigia simu."

Mkwe wangu akanitazama.

"Ni kweli, nilikubali," akasema. "Uzee huu, nasahau."

Nilimfuata chumbani, nikapiga magoti nikaomba radhi. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba ile mbegu alipewa na mama yake, na sasa haipo tena. Ni heri angenichapa.

Kuanzia kesho yake asubuhi uwanja ukawa wake. Aligundua kuwa zile nyasi hazina vumbi, akaanza kuanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, na wanawake wa mtaa wakaleta viazi vyao. Maveterani wanasubiri ukutani na bukta zao mpaka akina mama wamalize kuanua. Na akitaka kitu, ananiambia kwa upole mbele ya mwanawe, "Nunua samaki leo, mkamwana, kama tulivyoongea kwenye simu." Nanunua. Nitasemaje?

Baada ya mwezi nilishindwa. Nikamkalisha mume wangu, nikamweleza kwamba sikuwahi kumpigia mama.

"Najua," akasema. "Wiki ile simu ya mama ilikuwa kwa fundi simu hapa mjini. Mimi ndiye niliyeipeleka."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunikataza. Akaangalia vidole vya miguu yake.

"Nilitaka na mimi nipangwe," akasema. "Hata mechi moja."

Tulikwenda Puge wote wawili. Nyumba nyingi wanapanda mbegu za dukani siku hizi, lakini binamu mmoja wa mkwe wangu, bibi kizee, alikuwa na kopo la ile mbegu ya zamani. Tulilibeba mapajani njia nzima. Tulipofika tukabandua nyasi upande mmoja, tukazoa kokoto, tukasogeza goli, tukamrudishia mama ardhi yake. Alipokea kopo, akalifungua, akanusa. Siku hiyo hakunidai samaki.

Dada zangu, mume akitoka nyumbani ananukia vizuri, muulizeni anakokwenda anafanya nini. Muulizeni kwa mdomo, kabla hamjauza cherehani na kuita fundi. Huenda jibu likamtia aibu kidogo, lakini halitang'oa shamba la mtu. Na mkisema mmempigia mama mkwe simu, basi mpigieni kweli.