Kisu cha Mwenye Meza

Urbain Cassagne alifikisha miaka hamsini na minne bila kumaliza chakula hata siku moja. Si kwamba kwao kulikuwa na njaa. Nyumba ile ilikuwa na ng'ombe arubaini, nguruwe wawili wa kuchinja kila mwaka, na ghala lililojaa jibini mpaka mlangoni. Tatizo lilikuwa baba yake.

Huku kwetu Aubrac, milimani Ufaransa, kila mwanamume hula kwa kisu chake mwenyewe, kile cha kukunja kinachokaa mfukoni mchana kutwa. Asubuhi umekikatia kamba na kuchokolea jiwe lililonasa kwenye kwato, saa sita unakifuta kwenye suruali unakatia mkate. Mwenye nyumba akikaa na kufungua chake, chakula kimeanza. Akikifunga, chakula kimekwisha, na kila mtu anasimama, hata kama bado ana soseji mdomoni. Hakuna anayeuliza. Mimi nilifika pale kufanya kibarua nikiwa na miaka kumi na tisa, na sikuona ajabu, maana kwetu pia ilikuwa hivyo hivyo. Ajabu ilikuwa meno ya Mzee Privat, baba yake Urbain.

Mzee Privat hakuwa nayo. Alikuwa na kisu kizuri na ufizi mtupu. Alikata mkate vipande vidogo, akavitumbukiza kwenye supu, akavimeza, akapangusa bapa la kisu kwa kidole gumba, akafunga. Dakika kumi. Nyama ndiyo kwanza inatoka jikoni. Sisi vibarua wawili, mimi na Ferréol, tulijifunza kula kama watu wanaokimbizwa, na tulichoshindwa kumeza tulikitia mfukoni. Urbain hakuweza kutia nyama mfukoni, kwa kuwa yeye alikuwa mtoto wa mwenye nyumba na ana heshima zake. Alisimama, akaiangalia sahani yake, akatoka nje. Akazeeka hivyo.

Mkewe Zélie hata hizo dakika kumi hakuzipata. Wanawake wa nyumba zile hawakukaa mezani. Zélie alipakua, akaleta, akaondoa, na alichokula alikila amesimama kando ya jiko, bakuli mkononi, miaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyemwonea huruma, na mimi nikiwamo. Nasema kweli, nilikuwa hata sijaliona.

Mzee Privat alikufa mwezi wa pili, ana miaka themanini na saba, na akaagiza azikwe na kisu chake mfukoni. Aliagiza mbele ya padri, ili Urbain asije akajitia kusahau. Pale kaburini Ferréol alininong'oneza kwamba huko aendako mzee huyu atawasimamisha malaika kabla hawajaonja kitu. Urbain alilia, na naamini alilia kweli, lakini ukimtazama vizuri ulimwona mtu anayewaza chakula cha mchana.

Sasa ilibidi apate kisu. Alikuwa nacho kimoja cha tangu ujana, mpini umepasuka, ncha imekatika. Kwa kukata kamba kilitosha, lakini kuongoza meza kwa kisu cha namna ile ni kujitafutia vicheko. Akasema mpaka apate kingine tule tu, kila mtu kivyake. Tukala kivyetu miezi mitano. Chakula hakikuwa na mwanzo wala mwisho, watu wakawa wanainuka wanapotaka, na kazi zikaanza kulala. Majirani wakajua, wapi wasijue. Wakikutana naye gulioni wanamuuliza, kwa upole kabisa, siku hizi kwake mwenye nyumba ni nani.

Hilo lilimkaa moyoni. Urbain hakuwa mtu wa tamaa nyingi. Alitaka kitu kimoja tu duniani: akae, ale mpaka ashibe, afunge kisu, na watu wasimame.

Fundi visu wetu mjini alikuwa Mama Odile, mjane mwenye vidole vyeusi vya chuma na ulimi usiohitaji jiwe la kunolea. Mimi ndiye niliyeendesha mkokoteni, kwa hiyo yote niliyaona kwa macho yangu. Urbain hakwenda mara moja kama binadamu wengine. Alikwenda magulio matatu.

Gulio la kwanza Mama Odile alimuuliza, "Unataka cha kazi gani?"

"Cha kila kazi."

"Kila kazi ndiyo ipi, Bwana Urbain? Mtu akiniambia kila kazi huwa hana hata moja."

Urbain akazitaja: mkate, kamba, kwato, chupa ya divai. Halafu akakumbuka, "Na ng'ombe akivimba tumbo."

"Haya, sasa umesema. Basi ni chenye kizibuo na msharasi." Mama Odile akachukua kimoja, akauvuta msharasi ubavuni mwa kisu, chuma chembamba chenye ncha kama cha fundi viatu. "Ng'ombe amekula majani mabichi, amejaa upepo, daktari yuko mbali. Unamtoboa hapa juu ya ubavu, upepo unatoka. Unaweza pia kutobolea mkanda wako ukinenepa. Basi, usizidishe hapo. Wapo wanaong'olea misumari, kisha wananiletea kitu kimepinda wanasema kisu kibaya."

"Mimi sing'olei misumari."

"Wote husema hivyo. Sikiliza, ndugu yangu. Bapa la chuma cha kawaida, litashika weusi kidogo lakini utalinoa kwa jiwe lolote la shambani. Mpini wa pembe, unaojaa mkononi. Springi laini. Hiki hapa. Chukua, nenda kavune nyasi zako."

Kilikuwa kisu kizuri, na mimi kama ningeweza ningekichukua palepale. Urbain alikifungua, akakifunga kwa kidole kimoja. Kivuli kikamwingia usoni.

"Kinafungika kirahisi mno."

"Ndiyo kazi yake."

"Hata mtoto anaweza kukifunga."

"Na wewe pia," alisema Mama Odile. "Ndiyo uzuri wake."

Tukarudi mikono mitupu. Wiki mbili zilizofuata Urbain alimuuliza kila mwenye masikio achague kisu gani. Padri alimshauri anunue kama cha padri, mhunzi kama cha mhunzi, na kinyozi akamwambia visu vyote ni upuuzi mbele ya wembe. Gulio la pili alikuja na mfuko, na ndani ya mfuko mkate mzima, soseji, na kipande cha kamba ya katani, avijaribu visu papo hapo. Akakata na kukata juu ya meza ya Mama Odile mpaka makombo yakafunika visu. Hakununua. Mama Odile alikula soseji yote huku anamtazama, na tulipoondoka akamkaribisha tena, aje na haradali.

Gulio la tatu akakiona kilichokuwa dirishani. Mpini wa ncha ya pembe ya fahali, mweusi unang'aa, springi nene iliyochongwa maua mgongoni. Mama Odile alipokifunga kililia hadi mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara akachungulia. Urbain alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Tena," alisema.

Mama Odile akafungua, akafunga.

"Tena."

Basi ikawa hivyo: mama anafungua, mama anafunga, Urbain anasikiliza. Yeye mwenyewe hakukijaribu hata mara moja. Mtu aliyemaliza soseji nzima kwa majaribio sasa alikuwa ananunua mlio.

Mama Odile akakiweka chini, akamshika mkono, akakigeuza kidole gumba chake kwenye mwanga. "Hiki nilimtengenezea kijana mmoja mchinjaji, akahama hakurudi. Springi yake inataka kidole kizima. Hiki chako kimekamua ng'ombe miaka arubaini, ona kilivyovimba kwenye viungo. Niachie mpaka Ijumaa nikilegeze."

"Mkono wangu ni mkono wa baba yangu."

"Baba yako nilimlegezea springi alipofika miaka sitini. Hakukwambia?"

Urbain akasema kisilegezwe, na kwamba anakichukua kama kilivyo.

Aliamua kukizindua siku ya nyasi. Ulikuwa mwezi wa saba, shamba kubwa lote limefyekwa, nyasi zimekauka zimelala chini zikisubiri kupakiwa. Nyasi hizo ndizo ng'ombe arubaini wangekula majira yote ya baridi. Alialika majirani sita waje kusaidia, na nadhani aliwaalika zaidi waje kuona. Asubuhi nilimkuta zizini amekibana kisu kwa koleo, anakifungua, jasho linamtoka. Nikajifanya natafuta ndoo. Saa sita alikuja mezani kisu kikiwa tayari wazi mkononi, akakaa kwenye kiti cha baba yake. Majirani wakatazamana, wakaketi.

Lazima niseme tulikula vizuri. Supu, paja la nguruwe lililokaushwa, viazi vilivyopondwa na jibini mbichi hadi vikavutika kama kamba. Hakuna aliyetuharakisha. Urbain alitafuna taratibu, macho yamelegea, na kwa muda ule nilimpenda. Miaka hamsini na minne mtu anasubiri sahani moja. Alipoifuta kwa mkate akashusha mikono na kisu chini ya meza, na hapo mabega yakaanza kumtetemeka.

Tukasubiri. Mabega yakatulia. Kisu kikarudi juu ya meza, wazi.

"Lete jibini," alimwambia Zélie.

Akala jibini. Mikono ikashuka tena, ikapanda tena. "Lete nyingine." Dirishani, upande wa magharibi, wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi.

"Urbain, mbingu hiyo," alisema Zélie.

"Naiona."

"Nyasi zote ziko chini."

"Watu wa kazi wanakula. Lete kokwa za jozi."

"Bosi," alisema Ferréol, "mimi nimeshiba hadi kwenye kofia."

"Vunja jozi, Ferréol."

Tukavunja jozi. Wanaume tisa, mvua inakuja, tunavunja jozi. Mtakaosoma haya kutoka mbali mtasema kwa nini hatukuinuka tu. Kisu kilikuwa wazi. Na yeye kuinuka akiacha kisu wazi mbele ya majirani sita kungekuwa kutangaza kwamba nyumba haina mtu.

Zélie alikuja nyuma yake na sahani, akaona kidole kilivyokuwa cheupe juu ya springi. Akainama. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Nipe nikufungie. Hakuna atakayejua."

Angempa tu. Lakini aibu ilimpanda, akajibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Kisu cha mwenye nyumba hakishikwi na mwanamke. Sijamaliza kula. Nikimaliza mtajua."

Zélie akasimama wima. "Hujamaliza?"

"Sijamaliza."

"Kwa hiyo chakula bado kinaendelea."

"Kinaendelea."

"Haya."

Akavua aproni, akaitundika. Akavuta kile kiti alichokalia Urbain enzi za mzee, akakaa. Akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nami nikampa kisu changu, maana yeye hakuwa nacho, hakuwahi kuwa nacho. "Ferréol, nisogezee supu," alisema.

Alikula supu. Alikula paja la nguruwe, akikata vipande vyembamba na kutafuna kila kimoja mpaka mwisho. Akaomba viazi, vilikuwa vimepoa, akavila. Akajimiminia divai. Matone ya kwanza yakagonga kioo cha dirisha. Jirani mmoja akanyanyuka nusu, akakitazama kile kisu mbele ya Urbain, akakaa. Urbain alikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini angesema nini? Alikuwa amesema mwenyewe, mbele ya watu, kwamba chakula kinaendelea. Mvua ikafunguka yote kwa mara moja. Nilimtazama yule mama akila, nikaona aibu, si kwa ajili ya bosi wangu bali yangu mwenyewe, kwa sahani zote nilizopokea kutoka mkononi mwake bila kujiuliza yeye kala nini.

Akamaliza na jibini. Akafuta kisu changu, akakifunga, akanirudishia.

"Umemaliza?" alimuuliza mumewe.

"Nimemaliza."

"Basi funga."

Urbain alikitazama kisu. "Siwezi," alisema.

Zélie akakichukua, akaegemeza mgongo wa bapa ukingoni mwa meza, akasukuma mpini kwa kiganja mara moja. Kikalia kama kilivyolia dukani. Tukasimama wote tisa, tukachukua kofia, ingawa nje hapakuwa tena na kitu cha kuokoa. Zélie hakusimama.

"Urbain," alisema, "kwa vile umeshainuka, niletee kahawa."

Aliutazama mlango, akalitazama jiko, akaenda kutafuta birika. Hakujua linakaa wapi.