Hata Akionja Kwanza, Bado Namshuku

Admin, ukificha jina langu ficha na la mke wangu, maana Kasese, huku Uganda, ni ndogo na midomo ni mingi.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, Mkenya, nafanya kazi kiwanda cha simiti. Mke wangu, tumwite Masika, ni wa Bwera. Mamake ni mjane anayewapikia chakula madereva wa bodaboda kule. Mimi ni mbishi, nakubali. Nikishika neno siliachi.

Mwaka jana nilikosana na mama mkwe kwa sababu nilikataa binti yetu akakae kwake. Wiki hiyohiyo alituletea ugali wa muhogo na samaki, nikala, tumbo likawaka moto. Nikajua ni yeye. Tangu hapo, kila siku aliyokuja nikaumwa, niliiweka moyoni. Siku alizokuja nisiumwe, na siku nilizoumwa yeye akiwa Bwera, hizo sikuzihesabu.

Huku, anayekupa chakula huonja kwanza, ujue hakuna sumu. Siku moja alisahau, nikamwambia Masika, umeona? Safari iliyofuata akaonja mbele yangu, akasema, "Mukwe wangu, kula tu, iko muzuri." Nikawaza, kwani nani alimwambia namshuku? Akionja ana hatia, asipoonja ana hatia.

Masika alinivuta hadi hospitali. Daktari akasema ni vidonda vya tumbo, akanipa dawa za wiki mbili. Nilimeza siku tatu nikaziacha, kwa sababu nilimsikia daktari huyo akimsalimia Masika kwa Lhukonzo, lugha ya kwao. Nikasema hawa ni kitu kimoja.

Kosa langu kubwa ni mdomo. Niliwaambia wenzangu kazini, na neno likafika Bwera kabla yangu. Wateja wakamkimbia mama. Kisha kila mtu akakumbuka lake, huyu aliharisha, yule mbuzi wake alikufa. Wiki iliyopita jiko lake lilichomwa, na vijana wamemwambia Jumapili isimkute pale, wakimkuta wasilaumiwe. Ni mtu wa miaka sitini na kitu, hana pa kwenda.

Juzi nilitapika kitu cheusi kama kahawa inayobaki chini ya kikombe. Masika alifuta sakafu bila kulia, akaniuliza taratibu, "Mama hajakanyaga hapa wiki tano. Sasa ni nani anakulisha sumu?"

Ndugu zangu, swali hilo lilitosha. Nilipaswa kupanda gari siku ileile niende Bwera niwaambie wale vijana kwamba nilimsingizia mama wa watu. Badala yake moyo ulijibu palepale, ni Masika mwenyewe. Najua ni upuuzi. Nina aibu, na bado natazama mikono yake akipika.

Leo ni Ijumaa. Asubuhi ameniletea uji pamoja na zile dawa nilizoacha. Kabla sijasema neno, ameonja kijiko kimoja, akaniangalia, akaondoka. Uji umepoa hapa mbele yangu ninapoandika. Tumbo linakata, na Jumapili ni keshokutwa.

Nishaurini, nifanye nini? Na msiniambie tu nimwamini mke wangu. Niambieni kwa nini ameonja.