Begonia ya Mama Mkwe

"Mizizi iko wapi, mwanangu?" Mama mkwe aliniuliza hivyo akiwa ameshika tawi la ua.

Siku nilipoolewa alinipa tawi la ua lake la begonia, la kwake Mafinga. "Na mimi nilipewa na mama mkwe wangu. Lichomeke kwenye udongo, uliache." Mimi nisiyeamini mpaka nione, nikawa nalichomoa kila asubuhi kukagua kama limetoa mizizi. Likaoza.

Kisha akapiga simu: kesho anakuja kwetu Mbeya. Usingizi ulipaa. Kulipokucha nikakimbilia kwa jirani, nikaomba tawi la begonia yake, nikalisimika kwenye kopo la lile lililooza. Shahada yote ile, na naogopa ua!

Alipofika hata chai hakuigusa. Alipiga magoti mbele ya kopo, akalivuta tawi kidogo tu. Likatoka bila ubishi, safi kama kalamu. Ndipo akaniuliza lile swali, nami nikainamisha kichwa.

"Hili umelichomeka leo," alisema taratibu.

Baadaye sana mume wangu aliniambia kwamba baridi ya Mafinga ilikuwa imeiua begonia ya mama yake, na siku ile mama alikuja kuniomba tawi la mbegu.