Karatasi za Zambarau za Yunusu

Yunusu bin Alawi alikuwa fundi cherehani pale Mbeya, kwenye baraza la duka moja karibu na soko. Kuzaliwa alizaliwa Iringa mjini, wazazi wake wakiwa Wazaramo waliopanda bara na biashara ya nguo. Alisoma mpaka darasa la nne, kisha baba yake akamkalisha kwenye cherehani, na hapo ndipo alipozeekea. Alikuwa mtu wa haya. Mteja akimwuliza nguo itakuwa tayari lini, Yunusu aliiandika siku kwa chaki mezani, macho yasitoke kwenye sindano. Mkewe Rukia aliwaambia majirani, "Mume wangu anaongea kwa vidole."

Na kweli, vidole vilipenda kuandika. Jioni akishafunika cherehani, Yunusu aliandika mambo ya kuwafaa watu: namna ya kutoa doa la chai kwenye shati jeupe, namna ya kuzuia pasi ya mkaa isimwage majivu, basi la Iringa linaondokea wapi siku hizi. Mwisho aliweka kichekesho kidogo. Karatasi aliibandika kwenye nguzo ya baraza, watu wakasimama kusoma. Wengine wakaomba yao ya kwenda nayo nyumbani, na hapo ndipo shida ya nakala ilipoanza.

Alijaribu kaboni; nakala ya tano ikatoka kama moshi. Aliazima taipureta kwa karani mmoja, akashinda nayo akitafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele, mpaka karani akaja kuichukua. Mwishowe alikumbuka kitu alichokiona misheni ya Tosamaganga, kule Iringa, alipokwenda kushona kanzu za wanakwaya. Katekista mmoja, Filemoni, alikuwa na sinia lenye kitu kama uji ulioganda. Unaandika kwa wino wa zambarau, unailaza karatasi juu ya ule uji, ukiibandua maandishi yanabaki pale. Baada ya hapo kila karatasi safi unayoilaza inaondoka na maandishi hayo. Filemoni hakuwa mchoyo, akamweleza vinavyotiwa: kwato za ng'ombe zilizochemshwa mpaka zitoe gundi, sukari, na glisirini ya duka la dawa.

Kwato zilitoka kwa Nkuba. Huyu alikuwa Msukuma aliyehama na ng'ombe wake kutoka kwao kaskazini, akaweka boma bonde la Usangu. Alileta ng'ombe mnada wa Mbeya, na hakupita bila kufika barazani, maana Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe. Mbele ya Nkuba peke yake ndipo ulimi wa Yunusu ulipofunguka.

"Mzaramo, kwato zako hizi. Nyama nimewaachia wanaume."

"Weka hapo, kisha usogee. Cherehani yangu haijazoea harufu ya zizi."

"Hiyo ndiyo harufu ya mali! Kwenu kuna nini? Mnazi mmoja, na ukoo mzima mnaukwea kwa zamu."

"Afadhali tunaukwea. Ninyi ugali tu mnaukwea kwa ngazi."

Siku hiyo Nkuba hakukaa sana. Alikuwa amepata habari pale mnadani kwamba binti yake Seni, aliyeolewa Iringa, amelazwa hospitali ya Tosamaganga. Akapanda basi papo hapo, bila kurudi kwanza kwake.

Yunusu akachemsha kwato, akamimina uji mpya kwenye sinia, akabaki na akili yake ya utani. Akasema moyoni, mtani akirudi akute kitu hapa kwenye nguzo. Akaandika kwa herufi kubwa: TANZIA. Chini yake: "Nkuba wa Usangu, mfugaji, amefariki dunia akiwa safarini kwenda Iringa." Kisha, chini kabisa: "Ameuawa na sahani ya nne ya ugali. Ng'ombe wake wamekataa kulia, wanasema sasa nao watapumzika. Ni mimi mtani wake." Sokoni watu walicheka mpaka wauza ndizi wakaacha ndizi zao.

Lakini sinia la Yunusu lilikuwa na ubovu. Upande wa chini uji ulikaa mwembamba, kwa hiyo nakala za mwisho zilikolea juu na kufifia chini. Moja ya hizo ilisafiri kwa lori hadi Chimala, ikaingia dukani kwa bwana mmoja, Jailos. Jailos aliambiwa imetoka kwa fundi Yunusu wa Mbeya, akasoma kilichosomeka. Alikuwa jirani mwema. Akafunga duka, akaipeleka karatasi bomani kwa Nkuba.

Baada ya siku chache mtu mrefu alisimama mbele ya cherehani, kajifunga blanketi, fimbo mkononi. Alikuwa Maganga, kaka yake Nkuba.

"Wewe ndiye fundi Yunusu?"

"Ndimi, kaka."

"Nionyeshe kaburi la mdogo wangu."

Yunusu aliitazama karatasi aliyonyooshewa, akaona pale chini palipotakiwa kuwa na kicheko pana weupe mtupu. Mguu wake ukaganda juu ya kanyagio.

"Hajafa, kaka. Ulikuwa utani. Yuko Tosamaganga, anamuuguza Seni."

"Aliyeandika kwamba amekufa ndiye anayeniambia yu hai," Maganga akasema polepole. "Nishike lipi? Mbuke, mke wake, ameshanyoa nywele. Watu wamekaa matanga. Twende ukanionyeshe mtu, au kaburi."

Walipanda basi la Iringa. Maganga aliketi na karatasi ile magotini. Jambo moja lilimtafuna Yunusu njia nzima: je, ikiwa kalamu yake imemchulia mwenzake kifo? Tangu Nkuba aondoke, hakuna aliyemwona.

Walimkuta nje ya wodi, kaketi kwenye majani anamenya chungwa. Seni alikuwa amepata nafuu, yuko pembeni yake. Maganga alimshika mdogo wake mabega yote mawili, akamminya kama anayepima fahali, kisha akamweleza. Nkuba alicheka hadi chungwa likamdondoka. Aliposikia habari ya nywele za Mbuke, akaliokota, akaliweka kando.

"Mtani," alisema, "mimi siwezi kukukasirikia, desturi hainiruhusu. Lakini Mbuke si mtani wako wa barazani. Hajui kichekesho chako, anajua kilio tu. Matanga umeyaweka wewe, utayaondoa wewe."

Yunusu alielewa. Kwenye msiba, mtani ndiye mwenye kazi ya kuchekesha. Huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, mpaka wafiwa wacheke ndipo majonzi yaondoke. Yeye alikuwa akiandika ili asisimame mbele za watu.

"Na Mbuke asipocheka," Maganga aliongeza, "utani umekwisha. Na karatasi zako zisishuke tena Usangu."

Walipofika bomani, wanawake walipiga yowe, wawili wakakimbilia mahindini. Nkuba alipita akigusana mikono na kila mtu mpaka wakaamini ni yeye. Mbuke alimgusa mumewe usoni mara moja, akarudi kuketi pale alipokuwa, kitambaa kichwani, mgongo kwa Yunusu.

Yunusu alivaa kofia ya Nkuba, akajitanda blanketi lake, akachukua fimbo. Boma zima lilimtazama. Alifungua kinywa kikatoka kikohozi.

"Sauti ya marehemu hiyo?" mtu akadakia. "Basi alikufa kweli!"

Wachache wakacheka. Yunusu alishusha pumzi, akaanza kutembea. Alitoa kifua mbele, akatupa fimbo begani, akaburuta mguu wa kulia kama alivyozoea kumwona Nkuba akikatiza sokoni. "Harufu ya zizi ndiyo harufu ya mali!" alipaza, na sauti ile ilimshangaza mwenyewe. Wanaume wakapiga makofi. Mbuke hakugeuka. Yunusu akazunguka mpaka mbele yake, jasho linamtiririka, akapita tena, mguu wa kulia ukichora mavumbi.

Mbuke alimtazama mara ya kwanza. Kisha akatazama miguu.

"Siyo huo," alisema.

"Nini, shemeji?"

"Mguu. Ni wa kushoto. Miaka yote unamwona, huujui hata mguu?"

Alisimama. Alimvua Yunusu kofia, akaiweka juu ya kitambaa chake, akampokonya na fimbo. Akatembea kutoka mlangoni hadi zizini, kifua mbele, mguu wa kushoto unaburuzika, akageuka na kukohoa kikohozi cha Nkuba cha asubuhi. Boma likalipuka. Nkuba alipiga kelele kwamba hatembei hivyo hata siku moja, watu wakamwambia marehemu hasemi. Mbuke naye alikuwa akicheka, kofia imemteremkia machoni, na alianza kutembea upya ili wale walioko mahindini nao waone.